Kasri la Naivasha na Umbea Uliofunika Ardhi

Dereva wa trela anayesubiri karatasi zake zipigwe muhuri Malaba, au anayelala mtaa wa Burumba, Busia, akingoja foleni ya mpakani isogee, huwa amepita Naivasha safarini. Anaujua mji huo kwa bandari kavu, kwa baridi ya alfajiri na kwa vijana wanaonyanyua samaki kando ya lami. Asichokiona kutoka barabara kuu ni jumba jeupe lililo ng'ambo ya maji, upande wa kusini-magharibi wa ziwa, ndani ya shamba la Oserian. Ni jumba la mtindo wa Kimoro: minara, kuba, kuta zenye meno juu kama za ngome, ua wa ndani, na nyasi zinazoteremka hadi ufukweni. Lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 na Meja Cyril Ramsay-Hill kwa ajili yake na mkewe Molly, na walowezi wenzao wakalipachika jina la Djinn Palace, Kasri la Jini. Lord Erroll, aliyerithi mojawapo ya vyeo vya kale zaidi vya Uskoti, aliishi humo. Mfugaji tajiri alimnunulia mkewe. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 limekuwa mikononi mwa familia ya Zwager, iliyojenga hapo mojawapo ya mashamba ya maua yanayojulikana zaidi duniani.

Karibu kila anayeandika kuhusu jumba hili huanzia kitandani na kumalizia kwenye bastola. Nani alimtoroka nani, nani alilala na mke wa nani, nani alimpiga risasi Lord Erroll. Vitabu vimeandikwa na filamu zimetengenezwa juu ya maswali hayo, na ni kweli yanasisimua. Lakini umbea huo, hata pale ulipo wa kweli tupu, umekuwa pazia. Nyuma yake kuna ardhi, maji na kazi ya watu, na hivyo vitatu ndivyo vilivyofanya jumba liwezekane na ndivyo vilivyolifanya lidumu. Historia yake ingeandikwa kuanzia hati ya shamba badala ya chumba cha kulala, mambo mengi yangekaa mahali pake, na msomaji wa Busia angegundua kwamba hasomi hadithi ya Wazungu wachache wa mbali. Angejikuta yumo.

Tuanze na mpaka, maana mpaka ni kitu ambacho watu wa Burumba hawahitaji kufundishwa. Hadi mwezi wa Machi 1902, Naivasha ilikuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulianza huku kwetu Busia ukapanda mlima na kushuka hadi Bonde la Ufa, kiasi kwamba mtu aliyetoka mto Sio akafika ufukweni mwa ziwa Naivasha alikuwa bado chini ya utawala ule ule. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ulihamishiwa kwenye himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901, na London ilitaka reli yote iwe chini ya serikali moja. Ndipo mpaka ukahama kutoka Bonde la Ufa kuja huku, ukawagawa Wateso na Wasamia, wengine wakabaki upande wa pili wa mto, mbali na ndugu zao. Mwaka huo huo wa 1902 ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Taji iliyomruhusu kamishna kuuza na kukodisha kwa walowezi ardhi iliyohesabiwa kuwa ya serikali. Uhamisho wa mpaka na sheria ya ardhi vilikuja pamoja, na nyanda zote za juu zikawa chini ya ofisi moja yenye hamu kubwa ya kuleta Wazungu. Kilomita za mpaka tunazovuka leo kwa boda boda na zile ekari za ufukwe wa Naivasha zilipangwa katika msimu mmoja wa siasa.

Watu waliokuwa wakinywesha mifugo yao katika ziwa hilo ni Wamaasai. Agosti 1904 serikali ilifanya mkataba na Lenana, oloiboni (kiongozi wa kiroho) wao, pamoja na wazee wengine, ambapo Wamaasai waliondoka katika Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, wakapelekwa sehemu mbili: kusini ya reli, na Laikipia kaskazini. Mkataba wenyewe ulisema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Haukudumu hata miaka minane. Mwaka 1911 ulifanywa mkataba mwingine wa kuwatoa Laikipia pia, na wakaswagwa na ng'ombe wao kuelekea kusini. Kiongozi wa Wamaasai Ole Gilisho na wenzake walikwenda mahakamani, na katika kesi ya 1913, iliyo kwa jina la Ole Njogo, mahakama ilisema haina mamlaka ya kusikiliza: Wamaasai, kwa mujibu wa majaji, walikuwa kama taifa la kigeni lililofanya mkataba na Taji, na mikataba ya mataifa si shauri la mahakama ya kawaida. Mantiki hiyo ni ya kuchekesha kama si ya kuumiza. Walikuwa taifa huru siku ya kushtaki, na raia watiifu siku ya kuhamishwa. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 iliongeza muda wa kukodisha mashamba ya walowezi kutoka miaka 99 hadi miaka 999. Mtu aliyepata karatasi yake mwaka huo aliahidiwa shamba hadi mwaka 2914.

Hapo ndipo utakaposikia pingamizi la kwanza, na ni pingamizi la haki: Ramsay-Hill hakumfukuza mtu. Alifika miaka ya 1920, akakuta ardhi inauzwa, akalipa, akajenga. Kumlaumu kwa mambo ya 1904 ni kumbebesha mzigo wa wengine. Nakubali kwamba hakumfukuza mtu. Lakini swali la historia ya nyumba halihusu dhambi ya mnunuzi, linahusu kilichofanya bei iwe vile ilivyokuwa na mandhari iwe tupu vile ilivyokuwa. Mtu hawezi kununua maelfu ya ekari kandokando ya ziwa la maji baridi, katika mwinuko wa karibu mita 1,890, pasipo mbu wengi na kwa mwendo mfupi kutoka reli, isipokuwa kuna aliyekwisha kuondolewa hapo. Utupu uliowapendeza walowezi ulikuwa umetengenezwa. Na Mwafrika, hata angekuwa na fedha, hakuruhusiwa kununua katika nyanda hizo. Soko lilikuwa huru kwa rangi moja tu. Kwa hiyo uhalali wa malipo ya Ramsay-Hill, ambao sina sababu ya kuutilia shaka, ni uhalali wa ndani ya uzio ambao wengine walikuwa wameshaufunga.

Na kuna suala la mikono iliyojenga. Jumba kama lile halikuinuka kwa michoro ya meja peke yake. Ni miaka ya kipande: kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba shingoni kijikopo cha chuma chenye karatasi ya alama za vidole vyake na maelezo ya kazi yake. Oktoba 1919 Gavana Northey alikuwa ametoa waraka mashuhuri wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize vijana waende kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kodi ya nyumba ilimaliza kazi ambayo himizo halikuimaliza. Wilaya ya Kavirondo Kaskazini, ambayo Busia ya leo ilikuwa sehemu yake, ilikuwa kati ya maeneo yaliyotegemewa zaidi kwa vibarua wa reli, wa majani chai na wa mashamba ya Bonde la Ufa. Majina ya wageni walionywea pombe katika ua wa Djinn Palace yamehifadhiwa katika vitabu kwa ukamilifu wa kushangaza, hadi chapa ya gari la kila mmoja. Ya waliochota maji ya chokaa na kuyapandisha kwenye ile minara hayamo.

Umbea wenyewe, kwa ufupi maana wengi wanaujua: Molly alimpenda Josslyn Hay, aliyerithi uerli wa Erroll mwaka 1928 akiwa mume wa Idina Sackville. Inasimuliwa kwamba Ramsay-Hill alimsubiri Hay katika stesheni ya reli ya Nairobi na kumchapa kwa mjeledi mbele za watu. Ndoa zilivunjika, Molly na Erroll wakaoana 1930, na jumba likabaki kwao. Erroll aliingia siasa: kwa muda alikuwa mfuasi wa chama cha mafashisti wa Uingereza, baadaye akachaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na vita vilipoanza akapewa wadhifa wa katibu wa masuala ya kijeshi. Molly alikufa 1939, amechoshwa na pombe na dawa. Mwishoni mwa 1940 akawasili Nairobi Sir Jock Delves Broughton na bibi yake kijana, Diana, na wiki chache zilitosha Diana na Erroll wapendane wazi.

Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, wafanyakazi Waafrika waliokuwa kwenye lori la maziwa waliona Buick imetumbukia kwenye shimo la murram karibu na njia panda ya Karen, taa zake zikiwaka. Ndani yake, chini ya dashibodi, kulikuwa na maiti ya Erroll mwenye jeraha la risasi kichwani. Hapa ndipo nataka msomaji asimame kidogo, maana tukio hili linaeleza koloni kuliko sura nzima ya kitabu cha historia. Waliogundua mauaji mashuhuri kuliko yote katika Kenya ya kikoloni walikuwa watu wa kusambaza maziwa ya asubuhi, wakielekea Nairobi gizani ili wengine wakiamka wakute chai imeiva. Katika masimulizi wanatokea kwa sentensi moja, wanafungua mlango wa hadithi, kisha wanatoweka. Broughton alishtakiwa na kesi ikasikilizwa Nairobi mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Baraza hilo lilikuwa la Wazungu watupu, kwa kuwa chini ya sheria ya koloni ni Mzungu tu aliyekuwa na haki ya kuhukumiwa na watu wa namna yake. Mwafrika aliyeshtakiwa kwa mauaji mwaka ule ule alisimama mbele ya jaji na wazee washauri ambao maoni yao jaji hakulazimika kuyafuata. Tarehe 1 Julai 1941 Broughton aliachiwa. Mwaka uliofuata alijiua Liverpool.

Miaka themanini sasa tunaulizwa nani alifyatua. Nathubutu kusema swali hilo lina thamani ndogo kuliko lile la jinsi kesi ilivyoendeshwa, kwa sababu kuhusu jinsi ilivyoendeshwa tunao ushahidi mwingi na kuhusu aliyefyatua tunazo tetesi.

Baada ya Erroll, jumba lilipita mkono kwa namna inayoonyesha vizuri ukubwa wa mali iliyokuwa ikizungumzwa. Diana aliolewa 1943 na Gilbert Colvile, mfugaji mkimya aliyemiliki mashamba makubwa pande za Naivasha na Ndabibi, na Colvile akamnunulia Djinn Palace. Colvile ni mhusika ambaye waandishi wa umbea hawajui la kumfanya, kwa kuwa hakupenda karamu. Alikijua Kimaasai, aliishi karibu na Wamaasai kuliko alivyoishi karibu na Wazungu wenzake, na alijulikana kwa ng'ombe aina ya Boran. Huyu ndiye mtu aliyeelewa kuliko wote ardhi ile ilikuwa malisho ya nani. Uelewa huo haukubadilisha hati hata moja. Mwaka 1955 Diana alimwacha akaolewa na Lord Delamere wa nne, mwana wa yule mlowezi aliyefungua njia kwa wenzake, na hata hivyo Colvile alipofariki 1966 alimwachia Diana mali yake. Kwa kifo kimoja, mashamba makubwa ya Bonde la Ufa yakawa chini ya mwanamke mmoja, wakati serikali huru ya Kenya ina miaka mitatu tu.

Uhuru ulikuja na mipango yake. Kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, ekari zaidi ya milioni za walowezi zilinunuliwa na kugawiwa wakulima wadogo. Lakini msingi wa mpango ule ulikuwa mnunuzi kwa hiari na muuzaji kwa hiari, na mashamba mengi ya ufukwe wa Naivasha hayakugawiwa. Yalibadilisha mmiliki yakiwa mazima. Ndivyo Oserian ilivyopata mmiliki mpya mwishoni mwa miaka ya 1960: Hans Zwager na mkewe June. Walianza na mboga za kuuza nje, na 1982 wakaingia katika maua. Kile kilichofuata si jambo dogo. Shamba lilitumia mvuke wa ardhini wa Olkaria kupasha joto vitalu vya plastiki vya hekta 50, likawa mfano unaotajwa kila mahali wanapozungumza nishati safi katika kilimo. Maelfu ya watu walipata kazi. Kenya sasa hutoa sehemu kubwa ya waridi zinazouzwa Ulaya, na Naivasha ndiyo kitovu chake.

Pingamizi la pili linatoka hapa, na lina uzito kuliko la kwanza. Watu watasema: mnazungumza 1904 wakati watoto wa Matayos na Butula wanalipiwa karo na pesa ya maua. Ni kweli. Ukiuliza katika kijiji chochote cha Busia utapata mtu ambaye dada yake au mjomba wake yuko "Naivasha kwa maua," anaishi Karagita, Kamere au Kasarani, anavuna tangu asubuhi, anatuma pesa kwa simu mwisho wa mwezi. Kazi hiyo imejenga nyumba za mabati nyingi kuliko mradi wowote wa serikali. Sina nia ya kuidharau. Lakini tazama umbo lake. Mwaka 1925 kijana wa Kavirondo Kaskazini alikwenda Naivasha kuuza nguvu zake juu ya ardhi ambayo hangeweza kuimiliki. Karne moja baadaye mjukuu wa mjukuu wake anakwenda Naivasha kuuza nguvu zake, anaishi katika chumba cha kupanga kilichobanana na vyumba vingine mamia, na ziwa analiona kwa mbali kupitia ua wa stima. Kipande kimeondoka, mshahara umeboreka, kuna chama cha wafanyakazi na sheria ya kazi. Uhusiano wa mtu na ufukwe haujasogea sana. Na Januari 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipofika Naivasha, familia nyingi za Wajaluo na Waluhya zilikimbilia kituo cha polisi na gereza, kisha zikapakiwa mabasi na malori kurudi magharibi. Wengi walikuwa wamefanya kazi pale miaka kumi au ishirini. Hawakuwa na kipande cha ardhi cha kuwafanya wahesabike kuwa wenyeji.

Maji nayo yana hati yake. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka unaoonekana. Hupokea Malewa na Gilgil, hupanda na kushuka kwa miaka, na kila linaposhuka hufichua ardhi nzuri yenye rutuba. Ya nani ardhi hiyo? Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ilikubaliana na wamiliki wa ufukwe kwamba wao ndio watakaoitunza na kuitumia, kwa masharti. Chama chao ndicho, kwa miongo mingi, kilichokuwa sauti ya ziwa. Kilifanya mengi mazuri: kilisukuma ziwa litambuliwe chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 1995, na kilipiga kelele kuhusu uchotaji wa maji wakati wizara zilikuwa zimelala. Hata hivyo, ziwa likawa kitu kinachosimamiwa na waliolizunguka kwa ua. Njia za umma za kufikia maji zimebaki chache, kama ile ya Kamere na ya Karagita, na wafugaji wa Kimaasai wameendelea kugombana na wenye mashamba kuhusu njia za kunyweshea. Anayeishi Port Victoria au Sio Port, ambako mtu hutembea tu hadi majini na ndoo yake au na wavu wake, anaweza kushindwa kuamini kwamba kuna ziwa Kenya ambalo mtu anaweza kuishi kilomita mbili kutoka kwake kwa miaka kumi asiwahi kunawa miguu humo.

Pingamizi la tatu: yaliyopita yamepita, mali haiwezi kurudishwa baada ya miaka yote hiyo. Jibu liko ng'ambo ya mpaka wetu, kwenye barabara hii hii ya kutoka Busia kwenda Jinja. Kakira, karibu na Ziwa Viktoria, ni himaya ya sukari iliyojengwa na Muljibhai Madhvani na wanawe. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, Manubhai Madhvani alitiwa ndani gereza la Makindye, kisha familia ikaondoka na mali ikachukuliwa. Mwaka 1982 Uganda ilitunga sheria ya kurejesha mali zilizonyakuliwa. Familia ikarudi mwaka 1985, ikafufua mashamba yaliyokuwa magugu. Kakira iko mpaka leo. Walionyang'anywa walirejeshewa, na hakuna aliyesema Uganda imevunja sheria za soko. Wataniambia kuwa kati ya 1972 na 1985 ni miaka kumi na kitu, na kati ya 1904 na leo ni zaidi ya karne, na tofauti hiyo haipuuziki. Kuna vizazi vinne vya watu waliojenga maisha yao katikati. Nakubali. Ndiyo maana sidai Djinn Palace likabidhiwe mtu mwingine. Ninachodai ni kwamba hoja ya "haiwezekani" ifutwe mezani, ili mazungumzo yawe juu ya kipi kinachofaa. Katiba ya 2010 yenyewe haikukubali kwamba haiwezekani: Kifungu cha 67 kiliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na Kifungu cha 65 kilipunguza umiliki wa asiye raia hadi miaka 99, kikizika zile karne kumi za 1915.

Kuna pingamizi moja la mwisho ambalo wapenzi wa majengo hulileta, nami nalipenda kuliko mengine. Wanasema: usiwakebehi wambea, maana bila wao jumba lingekuwa limeanguka. Nani angekumbuka Ramsay-Hill? Ni hoja nzuri na ina ushahidi. Nyumba ya Karen Blixen ilifunguliwa kuwa jumba la makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya Out of Africa. Kasri la Lord Egerton kule Njoro, lililojengwa kuanzia 1938 hadi 1954, huvuta wageni kwa hadithi ya mwanaume aliyekataliwa na mwanamke, wala si kwa sababu Egerton huyo alitoa ardhi iliyozaa chuo kikuu. Mapenzi yanalipa kiingilio. Lakini tazama kilichotokea Njoro: wageni wanatoka pale wakiwa na hakika kabisa juu ya mwanamke ambaye hatujui hata kama alikuwapo vile wanavyoambiwa, na wakiwa hawajui chochote juu ya waliojenga mawe hayo au walioishi pale kabla yake. Umbea ulilinda kuta na ukapoteza maana. Iwapo ndiyo bei, basi ni bei kubwa mno, na hailazimiki kulipwa, kwa sababu hadithi ya ardhi nayo inasisimua ikisimuliwa vizuri. Ole Gilisho akipinga kuhamishwa kwa watu wake ni mhusika mkubwa kuliko Broughton akiwa kizimbani.

Sheria ya Makavazi na Urithi wa Taifa ya 2006 inaruhusu jengo la mtu binafsi litangazwe kuwa la urithi, mmiliki akabaki mmiliki. Hapo ndipo pa kuanzia. Tangazo la aina hiyo halipunguzi thamani ya mali ya familia yoyote, linaongeza maelezo. Maelezo yanayostahili Djinn Palace yangeanza na malisho ya kabla ya 1904, yakapita kwenye uhamisho wa mpaka, kipande, na waraka wa Northey, yakampa Erroll aya yake, na wale wa lori la maziwa aya yao, yakafika kwenye maua ya kwanza na kwenye vyumba vya Kamere. Wala kazi hiyo isiachiwe Nairobi peke yake. Kaunti ya Nakuru ina idara ya utamaduni, na jamii ya Wamaasai, ambayo Agosti 2004 iliandamana kuadhimisha miaka mia moja tangu mkataba wa Lenana, ina wazee na wasomi wanaojua mipaka ya malisho ya kale kuliko ramani yoyote ya walowezi.

Suala la haraka zaidi ni ufukwe. Kwa miaka kadhaa ziwa limekuwa likipanda, na 2020 maji yaliingia katika mtaa wa Kihoto na kufukuza watu majumbani mwao, kama Ziwa Viktoria lilivyofanya Budalang'i mwaka huo huo. Mstari wa ufukwe uliochorwa mwanzoni mwa karne iliyopita, ambao mikataba yote ya maji na ardhi ya Naivasha ilijengwa juu yake, sasa uko chini ya maji sehemu nyingi. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema maziwa ni ardhi ya umma. Mtu atakayepima upya mpaka wa ardhi ya umma na ya binafsi kuzunguka ziwa hilo atalazimika kuamua iwapo njia ya kufika majini inapita kwenye bustani za watu wenye majumba, na ni nani atakayekuwa kwenye meza hiyo siku ya kuamua: wamiliki na mawakili wao tu, au pia wavuvi wa Karagita, wafugaji, na yule dada wa Butula anayevuna waridi.